Mwaka Nilioitwa Mono

Tulimzika Njoki kwao Mweiga siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 2015, na ilipofika zamu ya marafiki wa shule, alisimama mwanamke mnene mwenye kofia ya zambarau, akajitambulisha kwa jina la Kagendo kutoka Timau, akashika kipaza sauti kama mtu aliyezoea kusikilizwa, kisha akasema: "Mimi nilikuwa mono wa Njoki. Huyu ndiye alinifanya mtu." Hema zote mbili zilicheka. Walicheka wazee wa kanisa, wakacheka wakwe, akacheka hata mchungaji aliyekuwa amevaa uso wa huzuni tangu asubuhi. Mjukuu wangu, aliyenisindikiza kwa sababu ya goti langu, aliniinamia akauliza, "Cucu, mono ni nini? Na mbona wewe hucheki?" Nilimwambia tuko mazishini, anyamaze. Kagendo hakunitambua, au alinitambua akaona hapakuwa na faida. Nilikula wali wa mazishi kama kila mtu, nikaifuta mikono, nikarudi Nyeri kabla ya mvua. Lakini swali la mtoto halikuwa baya, nami nimekuwa mwalimu wa lugha kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Neno likiulizwa, linajibiwa.

Mono ni neno la Kiingereza cha mabwenini. Halikutoka katika kamusi, na kwa kadiri nijuavyo hakuna Mwingereza aliyetufundisha. Maana yake ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Hivyo ndivyo angeandika mtunga kamusi, naye angekuwa amesema kweli bila kusema lolote. Kuhusu asili yake, mwaka ule nilisikia masimulizi matatu. Wasichana waliopenda sayansi walisema ni kile kipande cha Kigiriki chenye maana ya moja, kwa sababu ya kidato cha kwanza. Waliosoma fasihi walisema ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya jiwe moja kubwa lisilo na sura, kwa kuwa mgeni husimama tu, hajui pa kwenda. Wa tatu, ambao ndio walikuwa wengi, walisema ni nyani aliyekatwa mkia kwa Kiingereza, na wakaongeza ishara ya kujikuna kwapa. Liliingia shuleni kwetu kutoka shule za wavulana, likiletwa na madada waliolisikia kwa kaka zao likizoni. Zaidi ya hapo sijui, na sijakutana na anayejua. Matumizi yake nayajua vizuri zaidi. Tulisema mono mmoja, mamono wengi. Kulikuwa na kitenzi pia, kumonolaizi, yaani kumtesa na kumtumikisha mono, nacho kilikuwa na mtendaji mmoja tu, kidato cha tatu, na mtendwa mmoja tu. Swali la kawaida halikuwa "Wewe ni nani?" bali "Wewe ni mono wa nani?" Neno hilo halikuambatana kamwe na jina la mtu. Anayeitwa mono hakuwa na jina hadi Jumamosi ya mwisho ya Novemba, ambapo kidato cha tatu kiliwapanga mamono wote uwanjani, kikawamwagia maji, na kuwaita mmoja mmoja kwa majina yao kwa mara ya kwanza. Kuanzia saa hiyo ulikuwa mtu. Mlango mwingine wa kutokea katika neno hilo haukuwapo.

Niliingia shule ile, iliyo juu kidogo ya mji wa Nyeri, Jumatatu tarehe 18 Januari 1971. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Mwalimu mkuu, Mzungu wa misheni mwenye soksi nene za kijivu, aliniuliza umri wangu akiwa ameshika kalamu, nami nikamjibu kwamba ni kumi na sita, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa na mwalimu wangu wa msingi kwamba wa zaidi ya kumi na saba hapokelewi. Nilikuwa mfupi, nilikuwa mwembamba, na kalamu iliandika. Kwa nini nilichelewa kusoma ni habari ya watu wengine, na wote wamelala kaburini, siwaamshi. Ninalotaka lieleweke ni hili moja: shule ile ilikuwa mlango wangu wa mwisho. Wasichana wenzangu walikuwa na mwaka mwingine wa kujaribu, na mwingine baada ya huo. Mimi nilikuwa na kitanda kile cha chuma karibu na dirisha lililovunjika, au shamba la mtu mwingine na jembe lake.

Jioni hiyo hiyo tuligawanywa. Kidato cha tatu walisimama mstari mmoja bwenini, sisi tukasimama mkabala nao, na kila mmoja wao akachagua kwa kidole. Karibu kila mono alipewa mama wa shule, na aliyenichagua mimi alikuwa Njoki, msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, mwenye meno mazuri na sauti ya upole ambayo hakuipandisha mwaka mzima. Alinizunguka kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani.

"Huyu mono ako na uso ya mama," aliwaambia wenzake. "Mono, unajua kupasha kitanda moto?"

"Sijui."

"Sijui, nani?"

"Sijui, mama."

"Utajua. Mwezi wa sita Nyandarua ikituma baridi, utajua na mgongo."

Kupasha kitanda kulikuwa hivi: mono alilala katika kitanda cha mama yake wa shule wakati mama akiongea na rafiki zake, mpaka blanketi lishike joto, kisha akatoka na kwenda kwenye chake, baridi kama mawe ya mto. Nilikipasha kitanda cha Njoki tangu Januari. Nilimfulia, nikamchotea maji, nikampigia pasi sketi kwa kuilaza chini ya godoro langu. Jumatano, siku ya nyama, nilibeba sahani yangu hadi mezani pake, akachagua vipande kwa uma, akaniachia mchuzi, akasema "asante mono" kwa adabu kubwa. Githeri ya siku nyingine, yale mahindi na maharagwe, hakuitaka. Ilikuwa na wadudu, na wadudu walikuwa haki yetu.

Katika kitanda kilichokuwa kando ya changu alilala Kagendo, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mdogo kuliko mkoba wake, Mmeru pekee katika bweni letu. Kigikuyu chetu kilimpita juu, na Kimeru chake kiliwachekesha, kwa hiyo mimi naye tulizungumza Kiswahili, na yule mtoto ndiye mtu wa kwanza aliyenifanya niipende lugha hii. Hakuwa bado na mama wa shule, kwa kuwa idadi ya mamono ilizidi, na mono asiye na mama alikuwa wa wote. Nakumbuka Jumapili moja ya Februari, baada ya chakula cha mchana, kidato cha tatu walimpa kiatu. Njoki alikuwa ameketi juu ya sanduku akisukwa nywele.

"Mono, hiyo ni simu," mmoja wa wenzake aliamuru. "Piga Timau. Ongea na mama yako."

Kagendo alikiweka kiatu sikioni. "Halo," alisema.

"Ongea kwa nguvu, Timau ni mbali! Muambie chakula ni tamu."

"Mami, chakula ni tamu."

"Muambie unapendwa."

"Mami, napendwa." Hapo akaanza kuongea Kimeru haraka haraka, machozi yakishuka ndani ya kiatu, na ilionekana wazi kwamba alikuwa amesahau kwamba hakuna mtu upande wa pili. Bweni lilianguka kwa kicheko. Mmoja alilala chini akishika tumbo. Njoki pekee hakucheka. Alimsikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama ili asiharibu msuko, kisha akasema kwa upole, "Sasa muambie kwaheri, pesa imeisha." Na Kagendo akaaga.

Nimewahi kuulizwa na watu waliosoma shule kama zile kwa nini sikukataa, mimi niliyekuwa mkubwa kuliko wote. Wanaouliza ni wale waliokuwa na mahali pa kurudi. Niliamka nikachota maji, nikashika namba moja katika darasa la wasichana arobaini muhula wa kwanza, nikashika namba moja tena muhula wa pili, na kila mara nilipotaka kuinua mkono, si wa kupiga, wa kuzuia tu, niliiona ile kalamu ya Mzungu ikirudi nyuma kufuta. Nilijiambia kwamba neno halivunji mfupa. Lilikuwa jambo la kufanyiwa mpaka Novemba, kisha ningeitwa Wangeci, nami ningekuwa na miaka mitatu ya kusoma tu. Jina hilo, Wangeci, hakuna aliyelijua bwenini. Walimu waliniita kwa jina la ubatizo, Yunisi, na Njoki hakuwahi kuniuliza lingine. Angeuliza kwa nini? Hatutaki kujua ndoo inaitwaje.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Oktoba. Mama yake Njoki alifika saa nne na kikapu kichwani na kingine mkononi, mama mpana wa Mweiga, mfugaji na mkulima wa viazi, kitambaa cha kijani kichwani na kicheko kilichomtangulia. Alitandaza leso kwenye nyasi mbele ya jengo la utawala, akatoa chapati zilizofungwa kwa gazeti, mukimo wa viazi vilivyopondwa, kuku mzima na chupa ya chai. Wasichana wanne wa kidato cha tatu waliketi kumzunguka. Mwalimu Miriamu, aliyetufundisha upishi, naye Mgikuyu wa Karatina, alisimama karibu akinywa chai aliyokuwa amekaribishwa. Mimi nilikuwa nikileta sahani na kumwagia watu maji ya kunawa, maana hiyo ndiyo kazi ya mono siku ya wageni.

"Na huyu msichana anatumwagia maji, anaitwa nani?" mama aliuliza.

"Huyo ni mono," Njoki alisema.

"Mono? Ni mzazi gani aliita mtoto wake hivyo?"

"Mami, ni jina ya shule tu."

"Mimi sijauliza ya shule." Akanigeukia. "Wewe, mami, unaitwa nani kwenu?"

Kanuni ilinikataza. Lakini hakuna msichana wa upande wetu anayeulizwa jina na mama mtu mzima, mikono ya mama huyo ikiwa bado chini ya maji yake, akanyamaza. "Naitwa Wangeci," nilisema.

Alipiga makofi, maji yakaruka. "Wajina! Na mimi ni Wangeci! Ngai, wajina wangu ndiye ananinawisha mikono, na nyinyi mmekaa tu! Kaa hapa. Kaa! Njoki, simama, umpatie mama yako chakula."

Wasomaji wasio wa kwetu wavumilie nifafanue. Kwetu mtu hapewi jina kwa kupenda sauti yake. Anapewa lile la mtu aliyetangulia, na anayebeba jina la mama yako ni mama yako, hata akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Humtumi. Humpigi. Unamwita maitu, yaani mama yangu. Ni heshima iliyo nusu mchezo, lakini nusu nyingine si mchezo, na Njoki alilelewa kwayo kama mimi. Alisimama. Wenzake walikuwa wamefunika midomo kwa viganja. Alinipakulia mukimo, akaniwekea paja la kuku, na mama yake akasema, "Sema vizuri: Maitu, karibu chakula."

"Maitu, karibu chakula," Njoki alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya upole. Lile paja la kuku nililila lote. Sikuwa nimekula nyama ya kutafuna tangu Agosti, na sitadanganya kwamba nililila kwa aibu.

Yule mama alinitazama nikila, akafurahi. Akashika mkono wangu akaugeuza. "Lakini, wajina, huu si mkono wa mtoto. Wewe ni wa riika gani?"

Riika ni rika la watu walioingia ukubwani mwaka mmoja. Kumwambia Mzungu miaka kumi na sita kulinigharimu pumzi moja tu. Miaka ilikuwa mali yake, namba zake, na nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa amezihesabu. Riika ni jambo jingine. Ukidanganya riika umewakana wale uliolia nao, umejiweka chini ya watoto au juu ya wakubwa, na sikumjua wakati huo, wala simjui leo, mwanamke wa kizazi changu aliyewahi kufanya hivyo mbele ya mama wa watu. Kinywa kilijibu kabla yangu. Nilitaja riika langu, lile la mwaka mmoja kabla ya bendera ya uhuru kupanda.

"Wii!" Mama Njoki alihesabu kwa sauti, kwa furaha tupu. "Basi wewe ni sawa na kifungua mimba wangu! Yule ako na watoto wawili! Njoki, huyu ni wa riika ya dada yako!" Na akaniongezea chapati. Alikuwa mtu mwema. Katika mwaka ule hakuna aliyenitendea wema kumshinda, na hakuna aliyenimaliza kama yeye. Niliinua macho nikaona kikombe cha Mwalimu Miriamu kimesimama hewani, njiani kwenda mdomoni. Yeye pia alikuwa akihesabu.

Jioni, wazazi walipoondoka, Njoki aliniita katikati ya bweni. Alipiga magoti. Kidato cha tatu chote kikapiga magoti nyuma yake.

"Maitu," alisema, "tubariki."

"Maitu, bwana yako ako wapi?" mwingine aliuliza.

"Maitu, watoto wanalia nyumbani, wewe unasoma algebra!"

"Maitu hawezi kulala kitanda ya watoto," Njoki alisema akiinuka, akipangusa magoti. "Atavunja." Wakachukua godoro langu wakaliweka chini, mlangoni, penye upepo. Usiku huo nililala pale. Kitanda cha Njoki kilipashwa na Kagendo, bila yeyote kumwamuru.

Kama Mwalimu Miriamu angenyamaza, sijui. Huenda angenyamaza. Jumapili baada ya ibada Njoki alienda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, amevaa sketi niliyoipiga pasi, akamwambia kwamba dhamiri inamsumbua. Jumatatu tarehe 18 niliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu Miriamu alikuwa amesimama dirishani, anatazama nje.

"Yunisi, Januari uliniambia una miaka kumi na sita."

"Ndiyo."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na moja."

"Kwa hiyo ulisema uongo."

Nilimwambia kwamba ninashika namba moja. Alisema anajua, na kwamba anasikitika, na nilimwamini, kwa sababu alikuwa na uso wa mtu anayesikitika. Alisema kuna watoto wa miaka kumi na mitatu katika vitanda vile na mimi ni mwanamke mzima, wazazi wao wangesema nini? Kisha akatabasamu kidogo, kama anayekumbuka zawadi aliyoisahau kabatini. Jikoni kulikuwa na nafasi ya msaidizi. Ningepewa chumba. Ningeweza hata, jioni, kuazima vitabu. Nilimtazama Mwalimu Miriamu, naye akaendelea kutazama nje. Nikasema, "Hapana, asante," kwa Kiingereza alichonifundisha huyo mwalimu mkuu mwenyewe, kila herufi mahali pake. Watu wameniambia baadaye kwamba nilikuwa na kiburi cha kipumbavu, kwamba ningepika mwaka mmoja huku nikisoma. Huenda. Nilikuja kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1984, nikiwa na watoto watatu na mume aliyenishikia taa, Mungu amrehemu, na nikaupasi. Sikupata kuwapakulia githeri wasichana wa darasa langu. Tangu Jumatatu ile sijaacha tarehe yoyote inipite bila kuiandika. Hakuna tena atakayenihesabia miaka yangu kwenye nyasi.

Niliondoka Alhamisi, tarehe 21 Oktoba, siku iliyofuata sikukuu ya taifa, wiki tano kabla ya mamono kumwagiwa maji na kuitwa majina. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Nilitoka na sanduku langu la mbao kichwani wakati wa mapumziko ya saa nne, kwa sababu saa nyingine lango lilifungwa, na kidato cha tatu walikuwa wamejaa barazani wakila mkate. Nilijiandaa kwa kicheko. Hawakucheka, hawakunitazama hata, walikuwa na mazungumzo yao. Nilitembea katikati ya uwanja, shingo imesimama, nikijiambia kwamba hakuna hata mmoja wao atakayeuona uso wangu ukibadilika, na nilikuwa nimekwisha kufika karibu na bendera niliposikia sauti ya Njoki nyuma yangu, ya upole, isiyopandishwa.

"Mono!"

Sanduku lilikuwa limeshuka kichwani na kutua kwenye matope kabla sijafikiri. Nilikuwa nimegeuka, mikono imeshikana mbele, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia jinsi alivyopenda.

"Naam, mama," nilisema.

Kagendo alinipita mbio, blanketi la Njoki mabegani, akielekea barazani. Njoki alikuwa akimtazama yeye. Kisha akaniona nimesimama pale, akashangaa kidogo, kama mtu aliyeitikiwa na asiyemwita.

"Si wewe," alisema.